Kibarua cha Siku au Ajira ya Mwezi? Hesabu ya Mwaka Mzima kwa Anayetafuta Kazi ya Hoteli

Tangu Serikali ilipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, sura ya uwanda wetu imebadilika. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Baadaye ofisi za wizara zikaanza kazi katika Mji wa Serikali Mtumba, na tarehe 20 Mei 2023 Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kila hatua kati ya hizo imeongeza wageni, na mgeni huhitaji kitanda, chakula na ukumbi wa mkutano. Kwa sababu hiyo, mwananchi wa kata zetu za Chamwino aliyezoea kutafuta riziki shambani au kwa mafundi ujenzi, leo huulizwa pia kama anaweza kutandika vitanda, kuosha vyombo, kuhudumia meza au kusaidia jikoni.

Kazi hizo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kibarua: unaitwa siku kuna shughuli, unalipwa jioni, kisha unasubiri kuitwa tena. Ya pili ni ajira ya kudumu ya ngazi ya chini: unapewa zamu, sare na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wengi hulinganisha malipo ya siku moja ya kibarua na mshahara ule uliogawanywa kwa siku, wakaona kibarua kinalipa zaidi, wakaikataa ajira. Wengine huikimbilia ajira kwa kulipenda jina lake, bila kuuliza kilichomo ndani yake. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hesabu iliyo kamili zaidi, na haki ambazo sheria inampa mfanyakazi wa kila upande.

KALENDA MBILI ZISIZOFANANA

Kazi za hoteli katika mkoa wetu hufuata kwa kiasi kikubwa kalenda ya Bunge. Kwa kawaida Bunge hukutana mara 4 kwa mwaka: mwishoni mwa Januari na Februari, kisha mkutano mrefu wa bajeti wa Aprili hadi Juni, halafu Agosti au Septemba, na mwisho Novemba. Katika vipindi hivyo vyumba hujaa, kumbi hukodiwa, na vibarua huitwa kila siku. Bunge likiahirishwa, simu nazo hupungua.

Tena kalenda hiyo haifanani kila mwaka. Katika miaka ya uchaguzi mkuu, kama 2020 na 2025, Bunge lilimaliza kazi yake katikati ya mwaka, na Bunge jipya likakutana mwezi Novemba. Kibarua aliyetegemea mkutano wa Agosti au Septemba alikaa miezi kadhaa bila msimu wake.

Kalenda ya pili ni ya mvua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza takribani Desemba na kuishia Aprili. Katika miezi hiyo ndipo tunapopanda na kupalilia mtama, uwele, karanga na alizeti. Palizi haisubiri, na anayeikosa haipati tena hadi mwaka unaofuata. Kibarua kinaweza kuachwa kwa wiki mbili ili shamba lihudumiwe. Ajira ya zamu hairuhusu hivyo, kwani asiyefika kazini bila ruhusa huhesabiwa mtoro. Basi anayepima ajira ya hoteli aanze na swali la nyumbani: nani atalima? Ikiwa jibu ni kuajiri wapaliliaji, gharama yao iingie katika hesabu. Ikiwa jibu ni watoto wanaopaswa kuwa shuleni, hilo si jibu.

HESABU YA MWAKA, SI YA SIKU

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kukokotoa tu, wala si viwango vya kisheria. Kila msomaji aweke tarakimu zake.

Tuseme mama mmoja anaitwa kibarua kwa shilingi 15,000 kwa siku, na hoteli nyingine inamtaka awe mhudumu wa vyumba kwa mshahara wa shilingi 260,000 kwa mwezi. Mshahara huo ukigawanywa kwa siku 26 za kazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa kutazama siku moja, kibarua kinashinda kwa shilingi 5,000.

Sasa tutazame mwaka. Tuseme katika miezi 3 ya mkutano wa bajeti anapata siku 24 kila mwezi, jumla siku 72. Mikutano mingine 3 ya Bunge inampa siku 12 kila mmoja, jumla siku 36. Siku nyingine 45 anazipata kidogo kidogo kwenye harusi, semina na mahafali. Zote pamoja ni siku 153, sawa na shilingi 2,295,000. Ajira ya shilingi 260,000 kwa miezi 12 ni shilingi 3,120,000. Ili kibarua kilingane na ajira hiyo, inampasa apate siku 208 za kazi kwa mwaka, yaani zaidi ya siku 17 kila mwezi, mvua na kiangazi, Bunge liwepo au lisiwepo.

Lakini hesabu haijakamilika, kwa maana wengi wetu tunaishi mbali na hoteli hizo. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 3,000. Mwajiriwa anayetumia likizo yake ya mwaka atasafiri takribani siku 286, na nauli itamgharimu shilingi 858,000. Katika pato lake la mwaka atabakiwa na shilingi 2,262,000. Kibarua hulipa nauli siku ya kazi tu, hivyo kila siku hubakiwa na shilingi 12,000. Kwa siku 153 atabakiwa na shilingi 1,836,000. Ajira bado inaongoza, ila pengo limepungua: sasa siku 189 za kibarua zinatosha kulingana nayo. Kadiri nauli inavyopanda ndivyo faida ya ajira inavyopungua, isipokuwa kama mwajiri anatoa usafiri au chakula cha kazini. Mambo hayo mawili yaulizwe kabla ya kukubali, kwa kuwa yana thamani ya fedha.

Kuna pia ugumu wa mwezi wa kwanza. Kibarua hula jioni kile alichokichuma mchana. Mwajiriwa mpya husubiri hadi mwisho wa mwezi, na katika mfano wetu atahitaji shilingi 78,000 za nauli kabla ya kuuona mshahara. Mtu anaweza kuiacha kazi nzuri katika wiki ya tatu, si kwa kuichukia, bali kwa kuishiwa nauli. Ni busara kuweka akiba kutoka katika vibarua vya msimu wa Bunge, au kupanga mapema na kikundi cha kuweka na kukopa, kabla ya kuanza zamu ya kwanza.

YANAYOAMBATANA NA AJIRA

Mshahara ni sehemu tu ya ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mambo mengine ambayo hayaonekani katika fedha ya jioni.

Kwanza ni likizo. Mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 anastahili likizo za malipo, ikiwemo likizo ya mwaka ya siku 28. Akiugua na kuthibitishwa na daktari, anastahili hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mama anayejifungua anastahili siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Kibarua akiugua malaria kwa wiki moja, hupoteza wiki nzima ya pato na bado hulipia dawa.

Pili ni saa za kazi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5. Mama mjamzito hapangiwi zamu ya usiku katika miezi 2 ya mwisho kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua.

Tatu ni hifadhi ya uzeeni. Mwajiri wa sekta binafsi hupaswa kumwandikisha mfanyakazi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Katika mfano wetu, mama yule atakatwa shilingi 26,000 kwa mwezi, na mwajiri ataongeza nyingine 26,000. Mkononi atapokea shilingi 234,000, na wengine huona hapo kwamba wamepunjwa. Lakini kwa mwaka mmoja shilingi 624,000 zimeandikwa kwa jina lake, na nusu yake hakuitoa yeye. Pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza akiwa na miaka 22 anao muda wa kutosha, ilhali anayeanza akiwa na miaka 50 atakuwa amechelewa.

Nne ni ajali. Jikoni kuna mafuta ya moto na sakafu za utelezi, na vyumbani kuna dawa kali za usafi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, hufidia anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja kwa ajili hiyo.

AJIRA YA JINA, NA KIBARUA CHENYE HAKI

Yote hayo yana thamani pale tu yanapotekelezwa. Mtu anaweza kuvaa sare na kupangiwa zamu kwa mwaka mzima, na bado asiwe na karatasi yoyote inayoeleza mshahara wake, saa zake wala jina la kazi yake. Huyo, kwa vitendo, ni kibarua anayelipwa kwa mwezi. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza kazi. Kukataa kutoa karatasi hiyo ni ishara ya mapema kwamba na michango ya NSSF huenda haitapelekwa.

Kipindi cha majaribio nacho kieleweke. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga ileile ya kisheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Kwa hiyo miezi 6 ya mwanzo isichukuliwe kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Mahusiano na watu wanaokuita kibarua yasivunjwe kwa maneno makali siku unapopata ajira.

Kwa upande wa pili, kibarua naye si mtu asiye na haki. Amri ya kima cha chini cha mshahara hupanga viwango kwa kila sekta, na huviandika kwa saa, kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi. Kiwango cha siku kinamhusu kibarua moja kwa moja. Viwango hubadilika amri mpya inapotolewa, hivyo ulizia amri inayotumika sasa katika Ofisi ya Kazi ya Mkoa.

Jambo kubwa zaidi limo katika Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Mtu aliyemfanyia kazi mwajiri yuleyule wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 ni siku 5 tu za saa 9. Maana yake, kibarua anayeitwa na hoteli moja kila wiki huenda tayari ni mwajiriwa mbele ya sheria, hata kama mezani anaitwa kibarua. Ili alithibitishe hilo, anahitaji kumbukumbu za siku alizofanya kazi.

Kuhusu makato, hasa ya sahani na glasi zilizovunjika: mwajiri hakati mshahara apendavyo. Makato huruhusiwa na sheria, au kwa makubaliano ya maandishi. Fidia ya uharibifu hukatwa pale ilipothibitika kwamba mfanyakazi ndiye mwenye kosa, naye amepewa nafasi ya kujieleza, na jumla yake haizidi robo ya malipo yake.

NI NANI ANAYEFAA KIPI?

Kibarua si kazi ya kudharauliwa. Kinamfaa mwenye shamba kubwa au bustani ya zabibu inayomhitaji kwa misimu, mwanafunzi aliye likizo, mama mwenye mtoto mchanga asiyeweza zamu za usiku, na yule anayejifunza upishi ili baadaye aanzishe shughuli yake. Anayekichagua kwa makusudi akipange kama biashara. Ajichangie NSSF kwa hiari, aweke akiba ya miezi isiyo na Bunge, na ajiunge na wenzake. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kikundi cha upishi chenye masufuria yake na viti vyake hakisubiri kuitwa, bali huombwa bei.

Ajira ya mwezi inamfaa mwenye kodi ya nyumba na ada za shule zinazodaiwa kwa tarehe maalumu, anayeishi karibu na kazi au kwenye barabara yenye usafiri wa uhakika, na kijana anayetaka kupanda ngazi. Ngazi ndiyo sababu ya kukubali mshahara mdogo wa mwanzo. Muosha vyombo huweza kuwa msaidizi wa mpishi, na mhudumu wa vyumba huweza kuwa msimamizi wa vyumba. Lakini ngazi hiyo isidhaniwe tu. Uliza ni nani katika hoteli hiyo aliyeanzia chini na sasa yuko wapi. Kama kila aliyeanza miaka mitatu iliyopita ameondoka au yuko palepale, jibu umelipata.

Aliyejifunza kazi kwa vitendo bila kupita chuoni asikate tamaa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, huendesha utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao humpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Kwa njia hiyo miaka ya vibarua jikoni haipotei. Hugeuka kuwa karatasi inayokubalika kwa mwajiri.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mwombaji aulize maswali haya kwa adabu, na asikilize majibu kwa makini:

1. Je, nitapewa mkataba au maelezo ya kazi kwa maandishi, na nitabaki na nakala?
2. Mshahara ni kiasi gani kabla ya makato na baada yake, na hulipwa tarehe ngapi?
3. Nitaandikishwa NSSF lini, na nitapata hati ya malipo inayoonyesha michango?
4. Zamu hupangwaje, na anayemaliza usiku hurudije nyumbani?
5. Chakula, sare na usafiri ni juu ya nani?
6. Bahshishi za wageni hugawanywaje?
7. Hoteli ikipungukiwa wageni baada ya Bunge, wafanyakazi hubaki kwa masharti gani?

Swali la mwisho ndilo linalotenganisha ajira ya kweli na ile ya msimu. Kama jibu ni kwamba watu hupumzishwa bila malipo mpaka wageni warudi, basi unachopewa ni kibarua chenye sare, na ukipime kwa hesabu ya kibarua.

PA KUPATA MSAADA

Barua ya utambulisho, ambayo waajiri wengi huihitaji, hutolewa na Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Watakaoshika chakula wapime afya, na utaratibu wake huelezwa na Afisa Afya. Wakala wa Huduma za Ajira, yaani TaESA, huandikisha watafuta kazi na kuwaunganisha na waajiri. Masuala ya vikundi na mikopo yapelekwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Wafanyakazi wa hoteli wanacho pia chama chao, CHODAWU.

Palipo na mgogoro, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Anayepinga kuachishwa kazi anazo siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine ni siku 60. Siku hizo huisha upesi kwa anayezunguka akiombewa na jamaa, kwa hiyo aanze kwa kufika ofisini.

Tunahitimisha kwa ushauri mmoja usio na gharama. Nunua daftari dogo. Kwa kila siku unayofanya kazi, andika tarehe, mahali, saa ulizofanya, ulicholipwa na nauli uliyotumia. Andika katika miezi ya Bunge na katika miezi ya ukimya pia, kwa sababu anayehesabu mwezi Mei peke yake hujidanganya. Siku hoteli itakapokuita, daftari hilo litakuonyesha kama siku zako za kazi zinafika zile zinazohitajika, na siku utakapodai haki yako, utakuwa na la kuonyesha.